Mtarakwa wa Mama

Nilipokuwa mtoto kule juu Olenguruone, kwetu iliaminika kwamba mtu akienda mbali kutafuta riziki, hupandiwa mti. Ukistawi, yeye ni mzima na anawakumbuka. Ukikauka, shauri yenu.

Mama alipoenda kufanya kazi kwenye mashamba ya maua Karagita, nilibaki na nyanya. Mti wowote tu sikutaka. Nilitaka mtarakwa, kwa sababu sanduku la nguo za mama lilikuwa la mtarakwa na harufu yake ndiyo iliyokuwa harufu ya mama. Nikapanda hadi kwenye mawe, kule msitu ulikokuwa mkavu, nikang'oa mche na kuuteremsha hadi kijitoni nyuma ya nyumba. Niliuchagulia udongo mweusi wenye maji tele.

Nyanya aliutazama akaguna.

"Huu ni wa kule juu kwa mawe. Hapa ni pa mianzi. Rudisha."

"Nitaumwagilia maji kila siku, nyanya."

"Haya. Mti ukitolewa kwao kwa nguvu, hufa ukaondoka na yule uliyempandia. Usiseme sikukuambia."

Niliumwagilia, mvua ya msitu wetu wa Mau ikaongezea yake. Nyumba ilikuwa kimya sana mwaka ule, nikawa nausimulia mche mambo ya shule, maana sikuwa na mwingine. Ukageuka manjano. Nikazidisha maji. Ukafa.

Krismasi mama akaja, mzima kabisa, na sweta mpya mkononi.

"Kuja basi nikuone," akaniita.

Nilibaki pale pale mlangoni, sikumwendea. Nilijua amekwisha kunisahau, mti ulikuwa umesema. Aliiweka sweta kitandani, na siku ya tatu akarudi kazini.

Leo kazi yangu ni kuotesha miche ya kurudishia msitu. Nawaambia watu kila siku: mtarakwa upelekeni kwenye mteremko wa mawe, maji yanakopita upesi, bondeni mizizi yake inaoza. Msitu ni mmoja, lakini ukishuka kidogo tu udongo unabadilika, na miti nayo. Nyanya aliyajua yote haya. Aliniambia kwa kunitisha, nami nikashika kitisho nikaacha udongo. Simlaumu, ingawa bado inaniuma.

Mama yuko Karagita hadi leo. Jumapili nampigia simu. Ananiuliza kama mvua imenyesha, namwambia imenyesha, kisha kila mmoja wetu anatafuta la kusema.