Tulisimama Wawili

Nilitoka Kilwa Masoko asubuhi na begi mgongoni, bila kujua ninakwenda wapi. Kinyozi niliyekuwa nikiishi naye alikuwa bado amelala, au alijifanya amelala. Bodaboda ikanifikisha Nangurukuru. Nikanywa chai kwenye mabanda ya chakula huku nikitazama mabasi. La Dar lilikuwa limejaa. La Masasi lilikuwa na nafasi, nikapanda.

"Unashukia wapi?" konda akauliza.

"Nitakwambia njiani."

"Haya. Ukijua, na mimi nijulishe."

Kuondoka hivyo nimezoea. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo kila mji nimekaa mpaka maswali yakaniishia, kisha nikahama. Lakini Kilwa nilitaka kubaki. Palikuwa na binti mshona nguo, mtaa wa nyuma ya kwa kinyozi, nami nilitaka kumwoa. Pale sikuwa na baba wala mjomba wa kunisemea, kwa hiyo nilimwomba kinyozi awe mshenga wangu. Yeye ni mtu wa palepale, kwao wanajulikana. Akapeleka posa. Akapeleka na kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, ambacho nilikichagua Lindi kwa muda mrefu mpaka mwenye duka akanipa kiti. Kila Ijumaa nilimuuliza, na kila Ijumaa alijibu vilevile: wazee wamepokea, wanawasubiri wajomba. Nami nikasubiri.

Ndipo wakaja vijana wa opera. Walikuwa wanafunzi wa muziki kutoka Dar, wachanga wote, na mwalimu wao mwenye kinanda. Walikuwa waimbe vipande vya opera katika ukumbi wa shule. Mimi sikuwa najua opera ni nini, na kwa sababu hiyohiyo nilikuwa wa kwanza kukaa. Kinyozi akaja akakaa kando yangu. Wanawake walikaa upande wa pili. Walianza baada ya magharibi, wakasimama kupisha isha, wakaendelea.

Hawakutumia kipaza sauti. Binti mwembamba alifungua kinywa na jenereta iliyokuwa nje ikawa kama imezimwa. Waliimba Kitaliano, ila kabla ya kila kipande kijana mmoja alitueleza kwa Kiswahili nani anampenda nani na nani amekasirika. Hilo lilitutosha. Watu wakaanza kutunza, kama kwenye taarabu. Kijana aliyekuwa akiimba huku anakufa sakafuni alifuatwa na bibi mmoja, akatiwa noti mfukoni mwa shati.

"Pole, mwanangu," bibi akamwambia. Kijana alifumba macho, akaendelea kufa.

Kwetu pwani mtu hatunzi bure. Anayekwenda kumtunza mwimbaji anasema kwamba maneno yale ni yake, na yuko mtu ukumbini anayeambiwa. Wageni hawakulijua hilo. Sisi wote tulilijua.

Kipande cha mwisho, binti anaitwa na baba yake mbele ya wageni aseme ataolewa na nani. Mtoa maelezo akasema, "Atanyamaza kwanza. Halafu atasema, nimeshamchagua, na yumo humuhumu ndani."

Mwimbaji aliponyanyua sauti, mshona nguo wangu alisimama. Alikuwa amevaa gauni la kile kitenge, ndege wa njano mpaka mabegani. Akaenda mbele polepole kwa madaha, akampa mwimbaji noti, kisha akageuka na kunyoosha mkono upande wetu. Vigelegele vikapigwa.

Nikasimama. Nilijiambia, jibu limekuja.

Kinyozi naye alikuwa amesimama. Amenyanyua mkono, anacheka, hanitazami.

Mtu wa nyuma akanivuta shati. "Kaa chini, bwana. Unamziba bwana harusi."

"Mwache," mwingine akasema. "Si rafiki yake? Amesimama kumsindikiza."

Watu wakacheka, na hapakuwa na ubaya katika kicheko chao. Ukumbi mzima ulikuwa unajua. Nikakaa.

Baadaye nilimkuta kinyozi nje, karibu na jenereta.

"Ulipeleka posa ya nani?"

"Nilianza na yako, wallahi. Wakaniuliza kwao wapi, mjomba wake nani. Nikawa sina la kusema. Mama yake akaniambia, na wewe mbona huoi?"

"Na kitenge?"

"Kilikuwa mkononi mwangu."

"Ijumaa zote hizo ukanidanganya."

"Ningekwambia ungehama. Nilishakuzoea."

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi, maana alilisema kwa ukweli.

Mshona nguo akatoka na shangazi yake. Akaniona, akafurahi. "Shemeji, umeiona opera?"

"Nimeiona. Nguo imekupendeza."

"Rafiki yako anajua kuchagua."

Kinyozi akatazama chini. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, fupi tu: ni mimi. Nilimtazama yule binti na ile furaha yake, nikafikiri nani angeniunga mkono pale. Sikulisema. Mpaka leo sijui kama nilimhurumia yeye au niliogopa asiniamini.

Asubuhi yake ndipo nikapanda lile basi la Masasi, na lilipofika Mtama nilimwambia konda ninashuka. Sikuwa nimewahi kushuka pale, sababu ilikuwa hiyo tu. Muuza karanga akanielekeza kwa mama mmoja anayepangisha vyumba uani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una mke?"

"Sina."

"Basi hapa wanawake hawaingii ovyo. Ukitaka kuoa, kaa kwanza nikuone tabia. Nikiridhika nitakwenda mimi kukusemea. Mabinti wa hapa nawajua wote."

"Siku hiyo ikifika, mama, nitakwenda mwenyewe."

"Mwenyewe? Nani anajiposea?" Alicheka mpaka akashika mlango. "Watakufukuza na mbwa. Twende wote basi, mimi nitakaa pembeni tu."

"Ukiwa pembeni, sawa. Ila nitasema mimi."

"Haya, sema wewe."

Akanionyesha kitanda, ndoo na ufunguo ulivyo mgumu kuzunguka. Nikaweka begi chini.