Picha ya Yaya Josué

Wiki iliyopita, katika kibanda cha fundi viatu huko Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, nilinusa mafuta ya ngozi yaliyochanganyika na jasho la zamani. Papo hapo nikawa tena mtoto wa miaka kumi na mmoja, nimezamisha uso wangu ndani ya glavu ya besiboli ya kaka yangu. Nitawasimulia kitu ambacho hata mama yangu hakijui.

Yaya Josué, kama nilivyomwita kaka yangu mkubwa, alianza mchezo ule kwa bahati. Mwalimu wa michezo alimwona akirusha mabonge ya theluji kutoka upande mmoja wa uwanja wa shule na kuigonga nguzo ya upande wa pili mara tano mfululizo, akampeleka kwenye klabu. Alipofika miaka kumi na minane, chuo kikuu kimoja cha Amerika kilimchukua na kumlipia masomo, ili awe mrushaji wa timu yao. Kanisani, Maman, mama yetu, aliomba tumshukuru Mungu kwa ajili ya besiboli. Mchungaji akashukuru kwa ajili ya basketi, tena kwa machozi, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Mwaka wa pili hakuna mrushaji wa timu yao aliyemfikia. Tulimtazama kwenye simu ya Maman: anainua goti, mkono unazunguka, mwenye gongo anapiga hewa tupu, na uwanja mzima unaita jina lake kwa Kiingereza, "Joshua! Joshua!" Ilisemekana timu za kulipwa zilikuwa zinamfuatilia. Mimi nilibeba picha yake shuleni mpaka pembe zikachakaa, na katika hadithi zangu nikamwongezea nyumba yenye bwawa la kuogelea.

Mwaka wa tatu, bega likachanika. Walimpasua mara mbili. Mkono ulipona, ila ile kasi haikurudi. Josué akarejea Brussels na sanduku moja, akapata kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja huko Jette. Shuleni sikusema neno. Kwangu mimi, bado alikuwa Amerika.

Jumatano moja mchana, baada ya masomo, mama wa rafiki yangu Inès alitupeleka kumwona mwenzetu aliyevunjika mguu. Kwenye korido ya hospitali tukakutana na kitanda chenye bibi mmoja mzee, na nyuma yake Josué, amevaa sare ya buluu.

"Lakini yule si kaka yako?" Inès akauliza kwa sauti. "Yule wa kwenye picha?"

"Hapana," nikasema. "Kaka yangu yuko Amerika. Huyu simjui."

Alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Alinitazama mara moja tu.

"Bonjour, mesdemoiselles," akatusalimu kwa upole, akatuonyesha lifti ilipo kama mfanyakazi yeyote anavyowaelekeza wageni. Kisha akasukuma kitanda chake akaenda.

Jioni nilikaa mezani nikingoja aniseme mbele ya Maman. Alinisogezea bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, akauliza kama nimemaliza devoirs za shule. Nikajidanganya kwamba hakusikia, na ninaona aibu kuwaambia kwamba usiku ule nililala vizuri.

Miaka mingi ikapita kabla sijapata moyo wa kuuliza. Mwaka jana nilikuwa ninamsindikiza kwenda kupanda metro kwenye kituo cha Porte de Namur.

"Yaya, ile siku ku hôpital, ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Sasa juu ya nini haukusema kitu?"

Akacheka kidogo. "Yule maman mwenye nilikuwa nasukuma aliniuliza kama ule mutoto ni ndugu yangu, juu tunafanana. Nikamuambia hapana. Bon, ulishasema hapana mbele ya wenzako. Ningefanya nini, nikufanye muongo?"

Akanishika bega, akashuka ngazi. Nilibaki nimesimama palepale, watu wakinipita pande zote.

Utotoni niliona kwamba Josué alikuwa amepoteza mchezo, na kwamba hasara ilikuwa yangu, mimi niliyebaki bila kitu cha kujivunia. Sikuelewa kwamba alikuwa amerudi nyumbani kwa watu aliodhani wanamjua hata asiporusha kitu. Katika korido ile aligundua kwamba mmoja wao, mimi, hamjui, naye akanisaidia kusema hivyo.