Mstari wa Pili

Juzi, ukumbini nje ya ofisi yangu, fundi alivuta kigurudumu cha chuma juu ya marumaru. Niliposikia ule mlio mwembamba, mkavu, kama wa karatasi ngumu inayochanwa, nilirudi kuwa binti wa miaka tisa katika sebule ya Bi Zuhura, Mtoni.

Kwa kawaida fundi huanzia kona ya mbali, akamalizia mlangoni. Bi Zuhura alitaka marumaru nzima zianzie mlangoni, wageni wazione, na vipande vifichwe nyuma ya kabati. Baba, fundi mpole kupita kiasi, alitii. Kufikia adhuhuri mimi naye tulikuwa tumebanwa konani: mbele yetu sakafu mbichi isiyokanyagika, nyuma yetu dirisha la nondo. Ilibaki marumaru moja ya kauri, na dukani aina ile ilikuwa imekwisha.

“Vuta wewe kigurudumu, mama,” Baba aliniambia. “Kandamiza, mara moja tu. Usirudie.”

Nilivuta. Mstari ulionekana hafifu machoni pangu, na Baba alipoinamia ndoo ya saruji, nikarudia. Aliposhusha mpini wa kikatio, marumaru ilipasuka mshazari na kumeguka pembeni.

Aliiokota, akaitazama kwa muda mrefu. “Imekuwaje?”

“Sijui, Baba.”

Bi Zuhura alichungulia mlangoni. “Hee, fundi! Mmejifungia wenyewe! Wali tuwarushie kama kuku?” Alicheka mpaka akashika kiuno. “Niwatandikie huu ubao mrefu mpite?”

“Acha kwanza, dada. Sie tupo.”

Baba akaketi, kile kipande mapajani. Joto lilipanda, saruji ikanikaukia vidoleni, nami nikahesabu nondo za dirisha: nane, nikazihesabu tena. Kila nilipofumbua kinywa niseme kweli, nilikifumba. Muadhini alipoita alasiri, Baba alisimama taratibu.

“Dada, lete ule ubao. Na hii marumaru nimeivunja mie.”

Mwaka jana, nilipokuwa nikipanga vyombo vya Baba baada ya arobaini yake, nilikiona kile kipande chini ya mtungi wa maji, mahali alipokiweka miaka yote ile. Nilikifuta vumbi, nikakigeuzia mwanga, kama nifanyavyo kazini na hati kongwe. Mistari ilikuwa miwili, imeachana kwa unene wa unywele, wazi kwa jicho la fundi yeyote.

Siku ile niliamini kwamba tulikuwa tukingoja saruji ikauke. Lakini ubao ulikuwapo mlangoni tangu adhuhuri.