Asumini Hazijafunguka

Mtu akinisifu kuwa nina mkono wa miche, mpaka leo hunikera. Laiti wangalijua!

Miaka ya hamsini nilikuwa mke kijana Mji Mkongwe, na shamba langu lote lilikuwa madebe kumi na moja ya mafuta ya taa, nimeyatoboa chini kwa msumari. Juu ya nyumba tulikuwa na uwanja mdogo wa kuanikia nguo, na ukuta wa kufika kiunoni ukitutenga na uwanja wa jirani yangu. Madebe manne saladi na figili, nimezitandia kanga kuukuu, maana jua la kaskazi halina huruma. Yaliyobaki yote asumini. Maji nikiyapandisha kwa ndoo, ngazi tatu, na ya kuoshea mchele simwagi hata tone.

Jirani alikuwa zaidi ya dada. Nikimpitishia sahani ya saladi juu ya ukuta, hairudi tupu. Binti yake alikulia kwenye madebe yale, akinitolea viwavi kwa vidole. Nikamwahidi mbele ya mama yake: siku yake ya harusi, vikuba vyote, vile vishada vya asumini na rihani vya kumpamba bibi harusi, vitatoka kwangu.

Zikaja siasa. Laana tupu! Mume wangu chama hiki, mume wake chama kile. Watu wakasusiana maduka, wakasusiana hata maziko. Mume wangu akaniambia ua moja likivuka ukuta ule, nishike njia ya kwetu Makunduchi. Nilimwogopa, sikatai. Lakini na mimi nilikuwa nshanuna: jirani alinirudishia saladi yangu kwenye sahani ileile, imenyauka, haikuguswa.

Harusi ikaangukia msimu huohuo, na asumini zilichanua mwaka ule kupita kiasi. Jioni ya mkesha niko juu namwagia maji, nikasikia naitwa.

"Mamdogo, shikamoo."

Mwari mwenyewe, aliyewekwa ndani, kasimama upande wao wa ukuta. Hina mbichi mikononi, sinia kalibana kwapani.

"Marahaba, mwanangu."

"Nnakuja kuchukua vikuba vyangu."

Hakutumwa na mtu. Alikuja kwa sababu nilimwahidi. Nami nikasimama mbele ya madebe, nikatanua kanga yangu kama mjinga, nikasema, "Asumini hazijafunguka."

Astaghfirullahi! Harufu ilikuwa imejaa uwanja mzima, wake na wangu. Nilimwona akivuta pumzi. Akaniangalia, kisha akainamisha macho, yeye ndiye aliyeona haya.

"Haidhuru, mamdogo," akasema. Akageuka na sinia lake tupu, akashuka.

Nilijichukia tangu saa ile. Asubuhi asumini zilikuwa zimepukutika chini, rangi ya chai. Nikazifagia, huku upande wa pili wa ukuta wakimpigia vigelegele.