Kijiko cha Ukwaju

Mimi niliishia darasa la pili, na mashine yangu ya kusaga pale Ilemela niliinunua kwa jasho langu. Sikufika hapo kwa kuamini watu.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila kitu kilipatikana, na nusu yake ilikuwa feki. Nilinunua beringi mpya ya mashine, boksi linang'aa, ikapasuka kabla gunia la tatu halijaisha kusagwa. Nikajifunza kukishika kitu, kukinusa na kukigonga kabla sijakikubali. Kwa hiyo daktari wa hospitali kubwa aliponiambia mke wangu ana saratani ya ini, imeshasambaa, nimrudishe nyumbani ale anachokipenda, nilimtazama kama nilivyoitazama ile beringi. Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu. Hapo ndipo shaka ikazidi, maana mtu asiyetaka kitu sikuwa nimemzoea.

Mke wangu alimwamini palepale. Hata getini hatujafika akaniambia kesho anarudi majabalini, kule ufukweni alikoanika dagaa zake. Kule kila mwanamke ana jabali lake na watu wanaliheshimu. Akasema miezi iliyobaki hataki kuimaliza kitandani, yeye ananitazama na mimi namtazama.

Mimi nikaona huo ni uchawi, nikaanza kumtafuta aliyemfanyia. Sikuwa na kazi ya kutafuta mbali. Jirani yake wa jabali alikuwa mjane aliyetoka visiwani, na waliwahi kugombana vibaya kwa sababu ya mpaka wa kuanikia. Baadaye wakapatana, wakawa kama ndugu, lakini mimi sikuyaamini mapatano yale. Sasa huyo huyo ndiye aliyekuja kila asubuhi na chupa ya uji wa ulezi, ameutia ukwaju kijiko kimoja, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokaa tumboni mwa mke wangu.

Kwetu anayekuletea kinywaji huanza kunywa yeye mbele yako, kuondoa shaka. Hiyo ni desturi ya pombe na ya wageni. Kumdai rafiki wa kila siku afanye hivyo ni kumwita mchawi mchana kweupe. Mimi nilimdai.

"Shemeji, anza wewe."

Akamimina, akanywa, akafuta kikombe kwa kanga, akampa mwenzake. Kesho yake nilikuwa pale tena, na keshokutwa. Mashine niliiachia wafanyakazi, nikawa nasimama juu ya jabali kama askari wa zamu. Wanawake wakiniona wananyamaza, wanageuza dagaa kama wako msibani.

Wiki ya tatu mjane hakuja. Siku hiyo mke wangu hakuamka, akalala ameuelekea ukuta. Nikasema moyoni, umeona, amemaliza kazi yake amekimbia. Nikaenda kugonga kwake. Hakufungua. Akasema kupitia mlangoni kwamba sokoni wameshaanza kumnyooshea vidole, na yeye hataki kuzikwa na jina la mchawi.

Nilirudi nyumbani nikiwa mshindi. Nikamkuta mke wangu jikoni.

Alikuwa amesonga ugali na kukaanga dagaa, yeye ambaye harufu ya mafuta tu ilikuwa inamtapisha. Akaninawisha mikono. Kisha akakaa mbele yangu, akamega tonge la kwanza, akatafuna taratibu, akameza.

"Nimeanza mimi, baba watoto. Sasa kula bila wasiwasi."

Nikamuuliza ni wazimu gani huu.

"Nimekupikia miaka thelathini hujawahi kuniambia nianze. Ningetaka kukuua ningekuua ulipokuwa mwembamba, wabeba jeneza wasingepata shida."

Nilitaka kucheka, lakini alishainuka anakimbilia nje. Nilimshikilia akitapika kando ya ukuta, mwepesi kama gunia tupu. Alipopata pumzi akasema, "Ninakufa, na yule daktari hakudanganya. Hizi siku nilizobakiza nataka kucheka na yule mwanamke. Wewe ndiye unayeninyang'anya."

Ugali ule niliula wote.

Asubuhi nilipika uji mwenyewe, mara ya kwanza tangu nioe. Ukwaju nilikisia. Nikaenda na chupa kwa mjane, nikapiga hodi hadi akafungua. Sikumwomba msamaha, mdomo wangu haukuwa na mazoea hayo. Nilimimina kikombe nikakiinua ninywe kwanza mimi, kama inavyotakiwa.

Hakikufika mdomoni. Alikichukua mkononi mwangu akanywa hadi nusu.

"Uji una madonge, shemeji," akasema. "Na ukwaju umezidisha."

Akachukua ungo wake, akatangulia njia ya kwetu.

Mke wangu aliishi mpaka mvua za vuli zilipoanza. Siku alizoweza kutembea walikaa majabalini, siku alizoshindwa walikaa uani kwangu, na walichokuwa wanakicheka nakijua, kwa sababu nilisikia neno madonge mara nyingi. Kutoka kwenye mashine hadi uani ni hatua chache, lakini ikinguruma husikii kitu. Nikaanza kuizima katikati ya kazi. Wateja wakilalamika, nawaambia nakagua beringi.