Bibi Aliyekataa Kurudi Nyumbani

Kazi ya makochi aliirithi kwa baba yake. Mzee alipofariki, watu wa mtaa ule wakajua karakana itafungwa, maana kaka alishapata kazi kwingine na aliyebaki ni binti tu. Haikufungwa. Binti alifagia mabaki ya sponji, akanoa mikasi, akafungua mlango asubuhi kama kawaida. Miaka imepita, nywele zimeanza kuingia mvi pembeni, na mtaa mzima humwita Fundi. Mteja mgeni akiingia huangaza huku na huku na kuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Naye humjibu na misumari midomoni, "Unaongea naye."

Kuandika kulimwanzia humo humo karakanani. Ukichana kochi kuukuu hukosi kitu: hereni moja, ufunguo, picha ya mtoto, siku moja hata meno ya bandia. Fundi alikuwa akivishika vitu hivyo na kujiuliza mwenye navyo alivitafuta vipi, alimlaumu nani, aligombana na nani. Mchana, akishakula, alikuwa akijinyoosha kwenye kochi la mtu, anatoa simu na kuanza kuandika kwa kidole gumba. Alipokuwa na hadithi kama nne hivi, mpwa wake akamwonyesha jukwaa moja mtandaoni ambako watu wasio waandishi wa kazi huweka hadithi zao, sehemu kwa sehemu, na wasomaji wanaacha maoni chini yake.

Akajiandikisha kwa jina la Misumari. Hadithi yake ya kwanza ikapokelewa kwa shangwe. "Kalamu ya dhahabu!" "Moto wa kuotea mbali!" "Lete sehemu ya pili tufe!" Na vikatuni vya kupiga makofi mstari mzima. Fundi alitembea wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya. Kisha akarudi kuyasoma maoni yale taratibu, akamkuta msomaji mmoja ameandika, "Nimempenda sana yule daktari." Hadithi haikuwa na daktari. Haikuwa hata na mgonjwa.

Kuanzia hapo makofi yale yakamkinaisha. Akajiambia kwamba yeye, kama hajasoma hadithi ya mtu mpaka mwisho, hatasema neno. Na akishaisoma, atasema alichokiona.

Wa kwanza kukumbana naye alikuwa kijana aliyejiita Radi. Radi aliandika hadithi za upelelezi, risasi kila ukurasa, na alikuwa kipenzi cha jukwaa. Chini ya mvua ya pongezi, Misumari akaandika: "Shujaa wako kapigwa risasi ya bega sehemu ya pili. Sehemu ya tatu anambeba mtu kwenye bega hilo hilo na anapanda naye ngazi. Halafu mchumba wake tangu mwanzo hana kazi isipokuwa kulia. Mtafutie kazi. Ila pale mvua inaponyesha na muuaji anavua viatu ili visilie, pale nilisahau chai yangu ikapoa."

Watu walikuja juu. Wivu huo! Kwani yeye ni nani? Mwenye jukwaa, ambaye wote walimwita Mwenyekiti, akamwandikia pembeni kwa upole wa kinyozi.

"Dada Misumari, hapa tunatiana moyo."

"Moyo anao," Fundi akajibu. "Mimi nilikuwa naongelea bega."

Radi hakujibu kitu. Hadithi yake ikasimama, na wasomaji wake wakamwona Misumari ndiye aliyemuua. Fundi naye roho ilimuuma kidogo, hasemi uongo, lakini hakulifuta lile oni. Aliendelea kusoma hadithi za wengine na kuandika anachokiona. Wachache walimshukuru kimyakimya. Wengi walimkwepa kama rangi mbichi.

Ndipo akaanza kuandika hadithi ya bibi.

Bibi wa hadithi ni mjane mwenye watoto wazima, kila mmoja na funguo zake za nyumba ile. Wanaingia watakapo, wanaacha wajukuu, wanahamisha viti, wanamchagulia nguo, wanamkatiza maneno mbele ya wageni. Siku moja anauza nyumba bila kumwambia mtu, anapanga chumba kimoja juu ya gereji, ng'ambo ya mji, na kuanza kuishi. Hana ugonjwa, hana bwana mpya, hana siri yoyote. Amechoka tu kuwa njia ya watu.

Sehemu mbili za mwanzo watu walicheka. Ya tatu, watoto walipofika kwenye nyumba na kukuta familia nyingine imetandika vitanda, vicheko vikakatika.

"Bibi zetu hawako hivi."

"Unawafundisha nini mama zetu?"

"Huyu mwandishi ana uchungu wa maisha. Dada, tafuta mume."

Fundi alikuwa anasoma huku akivuta kitambaa kwenye mkono wa kochi, na alikivuta mpaka kikachanika. Jioni akaandika sehemu nyingine, na humo bibi akasimama katikati ya chumba chake na kusema. Alisema kuhusu kulea, kuhusu kuheshimiwa, kuhusu watu wanaodhani mwanamke ni stoo. Sehemu iliyofuata akasema tena. Matusi yakaongezeka, na bibi naye akazidi kusema.

Mwenyekiti akaja na jipya. Akatangaza kura: bibi arudi kwa wanawe, au asirudi? Waliotaka arudi walijaa tele. Wengi wao walitaka aumwe kwanza, ajute, kisha afie mikononi mwa kifungua mimba wake.

"Umeona mwenyewe," Mwenyekiti akamwandikia. "Wasomaji wamesema. Wewe si una biashara? Mteja si unamsikiliza?"

"Mteja ananichagulia kitambaa kwa sababu kochi ni lake," Fundi akajibu. "Hili kochi hakuna aliyeniletea."

Jumapili ile kaka yake akafika nyumbani, ambako Fundi aliishi na mama yao, hajakaa hata vizuri, amenuna. Mama alikuwa sebuleni ameweka miguu juu ya kigoda, anakata kucha. Kaka mtu akatoa simu yake na kuinyanyua kama hakimu.

"Hii ni nini? Mwanangu ametangaza kote kwamba Misumari ni wewe, sasa kazini wananiuliza kama mama yetu ametoroka. Umemwanika mama mtandaoni?"

"Sijamwandika mama."

"Bibi mjane, watoto wenye funguo. Mimi si nina funguo hapa?"

"Unazo," mama akadakia, "na hubishi hodi. Hebu nisomee hiyo hadithi."

"Mama, usijisumbue na huu upuuzi."

"Sikukuambia wewe. Mwanangu, soma."

Fundi akasoma kuanzia mwanzo. Mama alisikiliza akiendelea na kucha zake. Watoto walipokuta vitanda vya watu wengine, alicheka mpaka akakohoa. Kwenye hotuba za bibi akapiga miayo, Fundi akaona, akajifanya hakuona. Ilipokwisha, kaka akauliza kwa sauti iliyoshuka, "Sasa mama, huyo si wewe?"

"Siyo mimi. Mimi ningeondoka mapema zaidi."

Kaka akakodoa macho. "Mama! Unataka kuondoka?"

"Nataka usogee hapo. Unanizibia upepo."

Akasogea. Akanywa maji, akaaga mapema. Wiki iliyofuata alipokuja alibisha hodi, kwa hasira kidogo, lakini alibisha.

Siku chache baada ya hapo, mchana, Fundi amelala chali juu ya kochi la daktari wa meno, simu ikalia. Oni jipya, refu, na jina lililotokea lilikuwa la Radi. Jukwaa zima lilikuwa limeshafika pale kabla yake, limepiga magoti kusubiri damu. Mmoja ameandika, "Leo ni leo." Fundi akaketi.

Radi alikuwa ameandika hivi:

"Nilikuwa na kinyongo na wewe, kimeisha. Bega nimelirekebisha. Sasa nakulipa kwa namna uliyonipa. Mwisho usiwaachie wapiga kura. Akirudi, mimi naacha kusoma. Lakini sehemu ya nne na ya tano umeharibu. Bibi aliuza nyumba bila kumweleza mtu, ndiyo maana nilimwogopa na kumpenda. Sasa anaeleza kila kitu, na anakieleza mara mbili. Aliyeamua kitu hasemi hivyo. Huyu anayeongea si bibi. Ni wewe unatujibu sisi. Mnyamazishe."

Wenye hamu ya damu wakabaki hawajui wacheke au wapige makofi. Fundi ndiye aliyeungua. Kuambiwa atafute mume hakukuwa kumemgusa hata robo ya hili. Akaanza kuandika jibu. Akamweleza Radi kwamba yeye ni mtoto, hajazeeka, hajalea, hajui bibi wa namna ile amebeba nini kifuani. Aliandika mpaka kidole kikauma. Kisha, ili ampige vizuri, akafungua sehemu ya nne atafute mstari mmoja wa kumwonyesha.

Akasoma. Akatafuta mstari. Akaenda sehemu ya tano, akatafuta tena.

Hakuupata. Kila hotuba ya bibi aliyoigusa, aliweza kukumbuka ni tusi la nani lililoizaa. Hii ni ya yule aliyesema uchungu wa maisha. Hii ni ya yule wa mama zetu. Alikuwa amejiona jasiri, anawakabili, kumbe wao ndio waliokuwa wakimshika kidole gumba na kuandika naye. Walikuwa wameingia chumbani kwa bibi bila hodi, na aliyewafungulia mlango ni yeye. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Akalifuta jibu. Akaandika maneno mawili tu, "Nimekusikia," akarudi kazini. Mchana ule alipigilia misumari kwa nguvu hata mshona viatu wa jirani akachungulia kuuliza kama kuna nyoka.

Siku zilizofuata alikata. Alikikata kile alichokuwa anakionea fahari zaidi, mistari ambayo baadhi ya wasomaji waliinakili na kuisambaza. Hotuba zote zikaondoka. Kisha akaandika mwisho. Watoto wanapanda ngazi za gereji, wote pamoja, wamevaa kama wanaenda mahakamani. Mkubwa analia. Bibi anawamiminia chai kwenye vikombe viwili, maana hana zaidi, wanapokezana. Anamuuliza wa mwisho kama lile jino limepona. Anawasikiliza mpaka maneno yanawaishia. Halafu anasema, "Chini kuna giza kwenye ngazi, shikeni ukuta," na anafunga mlango. Basi. Haumwi, hajuti, na hafi.

Kabla hajauweka, Mwenyekiti akamwahi. "Dada, nakuomba kwa mara ya mwisho. Mrudishe bibi, hata kwa ugeni tu, hata kwa sikukuu moja. La sivyo hadithi nitaiondoa. Jukwaa ni la familia."

Fundi hakumjibu pembeni. Alimjibu uwanjani, wote wakiona.

"Nimesoma maoni yenu yote, hata yaliyonitukana. Radi ameniambia sehemu mbili ni mbovu, nimezitupa, kwa sababu ni mbovu kweli. Mkiniambia mtu wangu anaongea sana, nitamnyamazisha. Mkiniambia mlango ulifungwa na sasa uko wazi, nitaufunga. Mkiniambia bibi arudi ili nyinyi mlale vizuri, hapana. Laleni vibaya. Mwisho huu hapa."

Akauweka.

Haukukaa jukwaani hata siku nzima. Hadithi iliondolewa, na akaunti ya Misumari ikaondolewa pamoja nayo, na maoni yote aliyowahi kumwandikia mtu yeyote. Aliyempasha habari ni Radi, aliyeipata namba ya karakana kwa yule mpwa na kupiga simu. Walikuwa hawajawahi kusikiana sauti.

"Wamekufuta, Mama," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mzima kuliko alivyodhani. "Pole sana."

"Pole ya nini? Maandishi ninayo." Kisha akaiweka nyundo chini, maana hakuwa jiwe. "Imeniuma. Nilizipenda kelele za pale."

"Mimi nimetoka leo. Na kuna wengine wanauliza bibi yuko wapi."

"Waambie yupo chumbani kwake."

Waliotoka hawakuwa wengi, wote wangeenea kwenye kochi moja la Fundi bila kubanana: Radi, muuguzi mmoja wa zamu, mama mmoja anayeuza vipuri, na mlinzi wa ghala ambaye alisoma kila kitu na kuandika pole pole. Walianzisha kikundi chao. Sharti ni kwamba msomaji aseme ni wapi alichoka na ni wapi alishindwa kuacha, na mwandishi asijibu mpaka kesho yake. Hilo la kesho alilileta Fundi, na hakueleza sababu. Hakuna makofi. Muuguzi mara moja alisahau akaweka kikatuni cha ua, akaomba radhi.

Wasomaji wa kuhesabika, baada ya mamia. Kaka yake humtania kwa hilo. "Umebaki na kijiwe," humwambia. Fundi humwambia kijiwe kinasoma.

Mama yake aliisikia hadithi nzima upya, ikiwa imekatwa. Hakupiga miayo. Aliuliza tu gereji ile iko upande gani wa mji, na binti akamtazama, na mama akatazama kucha zake.

Sasa hivi Fundi anaandika juu ya mwanamume aliyekataa kumsamehe ndugu yake aliye mahututi, akaenda kazini siku ya mazishi. Amewatumia wenzake sehemu ya kwanza. Mlinzi amesema alichoka pale kwenye maelezo ya lango. Muuguzi amesema hawezi kumpenda mtu huyo kamwe. Kesho yake Radi akapiga simu, kwa sababu sasa wanapigiana.

"Mama, huyu watamchukia. Hata sisi tunamchukia."

"Lango nitalipunguza," Fundi akasema. "Yeye simgusi." Akaweka simu kwenye mfuko wa aproni, akaegemeza goti kwenye sponji mpya na kuanza kuvuta kitambaa.