Siafu wa Wifi Yangu
Nilirudi Likasi baada ya miaka sita Lubumbashi, nikijua kwamba baba amepofuka na kwamba ananihitaji. La kwanza lilikuwa kweli.

Nilimkuta sebuleni saa nane mchana, mbele ya televisheni asiyoiona. Mke wa kaka yangu alikuwa mkekani, karibu na miguu yake, akichambua maharagwe na kumsimulia filamu. Ilikuwa filamu ya zamani, isiyo na rangi, wanazungumza Kifaransa. Siafu wakubwa kama malori walikuwa wanatoka katika shimo la mgodi.

"Sasa mukubwa yao iko natoka," wifi alisema. "Anaangalia muji. Anauliza: ni nani alitoboa nyumba yangu?"

Baba alicheka. Alifanya kazi chini ya ardhi kule Kambove karibu maisha yake yote, na utotoni sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniuliza habari za safari. Kisha akaniambia nikae: "Ikala, mama. Ngoja tumalize."

Nilibeba begi langu mwenyewe hadi chumbani.

Kaka ndiye aliyemtafutia filamu zile sokoni, kwa kuwa baba alizipenda ujanani: buibui anayebomoa kanisa, kaa wanaokula mabaharia, pweza anayevuta meli. Kila mchana, umeme ukiwepo, baba na wifi walikaa pamoja. Mimi nilipika, nikafua, nikamtia dawa ya macho kwa saa zake. Alinishukuru kila mara, kama mtu anavyomshukuru muuguzi.

Siku moja wifi alikwenda Kakanda kumtazama mama yake. Nikaona nafasi yangu imefika. Mimi nafundisha Kifaransa; nilimtafsiria baba neno kwa neno.

"Profesa anasema siafu wamekua kwa sababu ya sumu. Mwanajeshi anataka moto uletwe."

"Na siafu beko nasema nini?"

"Siafu hawasemi, baba."

"Ah," alisema. Baada ya muda mfupi aliniambia nizime, amechoka.

Wifi aliporudi nilianza kumsikiliza kwa makini, nikagundua kwamba Kifaransa chake kinaishia kwenye salamu. Kila kitu alikitunga. Siafu walikuwa wanamtafuta mtoto wao. Buibui alikuwa mjane aliyenyang'anywa kiwanja. Nilingoja mpaka walipofika katikati ya filamu ya siafu, nikasema kwa sauti:

"Baba, anakudanganya. Hakuna mtoto wa siafu hapo. Wanasema siafu wachomwe wote."

Wifi aliweka ungo chini. "Ni kweli, baba. Minye sikusoma mingi." Akaenda jikoni.

Kwenye televisheni moto ulikuwa unanguruma.

"Zile filamu nilizionaka zamani, mama," baba alisema. "Kila mara beko nachoma siafu. Na minye nilitumika ndani ya shimo. Sikupendaka ile mwisho. Huyu muke ya kaka yako anabaacha bazima, habafi."

Wiki mbili zilipita bila filamu. Wifi alinisalimu kwa heshima asubuhi na jioni, na baba alikaa mlangoni akisikiliza malori. Kisha nilijaribu kusimulia kama wifi. Nikawapa kaa maneno, lakini kaa wangu walizungumza kama wakaguzi wa shule. Baba alicheka kidogo, kwa adabu, na cheko lile liliniuma kuliko kimya.

Nikamfuata wifi jikoni. "Nilikukosea. Rudi umsimulie baba."

"Na weye, yaya," aliniuliza, kama anavyomwita dada mkubwa, "utaikala wapi?"

Sikuwa nimelifikiria swali hilo. Nilimwambia nitakuwepo.

"Basi weye utaniambia beko nasema nini kweli. Minye nitageuza."

Sasa tunakaa watatu. Mimi niko kitini, namnong'oneza wifi maana ya maneno. Yeye yuko mkekani, anayageuza. Tunafanya kazi vizuri, na naweza kusema kwamba nampenda. Lakini Jumatatu iliyopita baba aliuliza kama pweza amepona. Nikawahi kumjibu kwamba amepona, ameingia tena baharini. Akaitikia kwa kichwa, halafu akageuza uso chini, upande wa mkeka, akangoja kusikia.